Uliza Fundi: Mjukuu yuko njiani, shuka la viraka bado liko kwenye cherehani

SWALI

Dada fundi salaam, pole na majukumu. Mie ni mwalimu mstaafu niko Tanga, binti yangu wa kwanza yuko Mwanza na Mungu akijaalia anajifungua miezi miwili ijayo, yani naenda kuitwa bibi kwa mara ya kwanza na usingizi wenyewe sipati. Tangu nistaafu nashonashona nyumbani, fundi wa jirani ananiachia vipande vya vitenge vinavyobaki, saivi nina viroba vitatu na baba watoto anasema sebule imegeuka karakana, juzi kakalia pini hakuniongelesha mpaka magharibi. Sasa nataka kumshonea mjukuu shuka la viraka, niliona kwenye simu yale ya vipande vidogo vya inchi mbili yanavyopendeza nikakata, mwezi mzima nimeunga safu tatu tu na macho yanauma. Halafu nyekundu imechujia kwenye nyeupe. Tena nina khanga niliyombebea huyuhuyu binti, mbeleko yake, nataka iwemo humo lakini nimeshika mkasi mara mbili mikono ikagoma. Na mama mkwe wa binti kanipigia simu, kasema vya mtoto havishonwi kabla mtoto hajazaliwa, ni mkosi. Nifanyeje dada angu?

Bibi mtarajiwa, Tanga

JIBU

Bi Mstaafu hongera, na mzee mpe pole kwa ile pini. Tafuta spika mbovu utoe ile sumaku yake, kila jioni ukimaliza unaipitisha sakafuni na juu ya makochi, utashangaa inavyookota. Na pini zako zihesabu, mimi ninazo 40 kwenye kopo, zikirudi 39 hakuna kulala mpaka ya 40 ionekane, maana shuka la mtoto lenye pini ndani hilo sio zawadi.

Sasa weka mkasi chini kwanza tuongee, hili shuka ni la kufanyia nini? Naona unamuwaza mjukuu kajifunika kalala. Hapana dada. Mtoto chini ya miezi 12 anatakiwa alale chali, godoro gumu kidogo, bila mto bila shuka zito la kumfikia usoni, kwa sababu akijifunika pua hana nguvu ya kujifunua, ndivyo madaktari wa watoto wanavyosema na mimi siwezi kukushauri kinyume. La kwako litandikwe chini. Atalazwa kifudifudi akiwa macho dakika chache mama yake yupo pembeni, baadae atajigeuzia hapo, atakaa hapo, atamwagia uji hapo, na hapo ndipo rangi zako za vitenge zitakapofanya kazi maana atakuwa anaziona kwa karibu kuliko mtu yeyote. Ukishajua ni la sakafuni mambo mengi yanajijibu, vifungo na shanga hamna, utepe wa kuning'inia hamna, na lazima livumilie kufuliwa kila siku mbili.

Vile vidogo achana navyo, fanyia vishikio vya sufuria. Kata inchi 6 na nusu kila upande, ukishona na kuacha robo inchi pembeni kinabaki cha inchi 6 kamili. Panga 6 kwa upana na 9 kwa urefu, vipande 54 tu, unapata inchi 36 kwa 54. Kwa vile vya inchi mbili, hata vingekuwa mbili kamili baada ya kushonwa, ukubwa huohuo ungehitaji vipande 486, dada, huyo mtoto angeanza darasa la kwanza bado uko safu ya kumi. Usianze kushona kabla hujavitandaza vyote sakafuni ukaviangalia ukiwa umesimama kwenye kiti, au vipige picha kwa simu halafu ifanye picha iwe nyeusi na nyeupe, hapo utaona palipojazana vya rangi nzito na palipojazana vya rangi nyepesi, unavichanganya. Mimi napenda kila chenye maua makubwa kipate jirani aliyetulia.

Kuhusu kuchuja. Kila kipande kifuliwe kabla ya kukatwa, kimoja kimoja, hasa nyekundu na kaniki, maji ya vuguvugu na kitambaa cheupe humohumo, kama cheupe kimetoka kina rangi unarudia tena mpaka kitoke vilevile kilivyoingia. Najua tumefundishwa kuloweka na chumvi, chumvi imeshaniangusha mara mbili siitegemei tena. Kingine, vitenge vya siku hizi vingine sio pamba, chomoa nyuzi chache uziwashe na kiberiti juu ya sinki, pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu, ukiona imeyeyuka imefanya kidonge kigumu basi hiyo ni plastiki, mtoto atatoka jasho hapo na pasi itaishika. Weka pembeni.

Haya tuje kwenye mbeleko, hapa ndipo niliposoma barua yako mara ya pili. Usiikate. Mikono yako imegoma kwa sababu inajua. Khanga kwa kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110, ya zamani itakuwa imerudi kidogo, na zile inchi 36 kwa 54 nilizokutajia sikuziokota hewani, ni kama sentimita 91 kwa 137, yani zinaingia ndani ya khanga nzima na pembeni kunabaki kidogo kila upande. Basi mbeleko itakuwa upande wa chini, nzima, na jina lake likisomeka lote. Itandike sakafuni uso ukiangalia chini, ibane kwa selotepu ikae sawa bila kuivuta, juu yake blanketi kuukuu jepesi ulilokata sawasawa na viraka, halafu viraka juu. Kile kilichobaki pembeni unakikunja mara mbili kuja mbele unakishona, na uzuri wake ni kwamba kinachokuja mbele ni pindo la khanga, kwahiyo viraka vyako vyote 54 vinazungukwa na pindo la mbeleko ya mama yake. Kama imechakaa katikati pale ilipokuwa inabeba mgongoni, weka kiraka kwa ndani, hakuna atakayeona. Ila soma hilo jina kwanza! Kama ni la mipasho, mama mkwe asije akadhani umemlenga yeye.

Kabla ya kushona piga bandi, mishono mirefu, anzia katikati kwenda pembeni, kila penye upana wa kiganja, usifanye uvivu hapa maana tabaka tatu zisiposhikizwa zinateleza unakuja kumaliza chini kumejikunja. Kisha cherehani, nayo anza katikati. Ukiona inaruka mishono usimtafute fundi kwanza, badilisha sindano, weka mpya namba 14, ikiendelea kuruka weka 16, na mshono urefushe kidogo. Mistari ya kawaida iliyonyooka inatosha, kila baada ya inchi tatu nne hivi.

Au shona kwa mkono kama muda upo. Kuna Wasiddi kule Karnataka India, wenzetu ambao mababu zao walitoka Afrika, wanawake wao wanashona mashuka ya viraka yanaitwa kawandi kwa ajili ya watoto na wajukuu, wanachukua sari kuukuu inakuwa ya chini, wao hawaungi viraka kwanza kama sisi, wanaanzia kwenye kona wanazunguka ukingo kiraka baada ya kiraka kwa mkono mpaka wanakutana na katikati, na kila kona wanaweka vipembetatu vya kukunja wanavyoviita phula, maua. Bila hayo wanaona shuka liko uchi. Mimi nimejaribu moja dogo la mto, kidole gumba kilivimba lakini sikulala na mawazo hiyo wiki.

La mkosi. Usibishane na mama mkwe, nyumba nyingi zina mwiko huo na aliyeuweka mara nyingi aliwahi kuzika kichanga, sio ujinga. Fanya hivi, saivi unashona shuka la nyumba, basi, viraka na tabaka na mistari yote. Pindo usikunje. Liache hivyohivyo mpaka simu ya Mwanza iingie, siku hiyo ndio unakunja, unashona, na huo ndio mshono wa mtoto. Mama mkwe mwambie hivyohivyo. Na miezi miwili usiifanye mashindano, mjukuu wangu alikuja wiki tatu kabla ya siku zake la kwake bado liko vipandevipande, alilipata ana miezi minne na ndio kwanza alikuwa anajigeuza, wala hakulalamika.

SWALI

Fundi mambo, mie nilimshonea mjukuu wangu shuka la viraka, kwilti kama wanavyoita vijana, miezi mitano ya kazi. Juzi nimeenda kuwasalimia Mombasa nakuta mkaza mwanangu kaliweka kabatini kwenye nailoni, anasema mama ni zuri mno litachafuka. Niliitikia tu ila roho imeniuma. Nimwambie nini?

Bibi wa mmoja

JIBU

Usimwambie kitu, huyo anakuheshimu. Mshonee lingine baya. Sifanyi utani, chukua mashati ya zamani ya mwanao na khanga zilizopauka, vipande vikubwa, uzi wa rangi yoyote uliopo kwenye kibobini, siku tatu limeisha. Ukifika usimkabidhi, litandike mwenyewe sebuleni, mweke mtoto juu na kipande cha embe mkononi, kisha nenda zako jikoni ukaulize chai.