Ini, machipuko na hiyo mizizi uliyopewa

Mdogo wangu, pole na huo uchovu wa wiki sita. Umeuliza kama unywe mizizi ya heshouwu, ile dawa ya mitishamba ya Kichina, aliyokupa mwenzako wa bweni hapo Guangzhou, China, ati majira ya machipuko ni msimu wa ini. Nimesoma huko, maneno hayo utayasikia kila Februari.

"Ini" la tabibu wa Kichina si kiungo cha hospitali tu. Linabeba pia hasira, macho na mtiririko wa nguvu mwilini, ndiyo maana ushauri wao mwingi ni wa maisha: lala kabla ya saa tano usiku, tembea asubuhi, kula mboga za majani, punguza pombe. Hayo fuata. Chai ya maua ya krisanthemamu nami niliizoea (kama una mzio wa chavua, iache).

Heshouwu usiiguse. Imewahi kuwaumiza watu ini hilohilo, wengine hadi macho na ngozi kuwa ya njano.

Nenda zahanati ya chuo upimwe damu: utendaji wa ini na homa ya ini B. Macho yakiwa ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo. Na hiyo mizizi mwonyeshe daktari, usione haya.