Usalama, ulinzi au muungano: Ulaya na Japani zimekubaliana nini?

SWALI: Msomaji wetu wa Morogoro anasema kwamba makubaliano ya Umoja wa Ulaya na Japani yaliyotangazwa Tokyo tarehe 1 Novemba 2024 ameyakuta yakiitwa "mkataba wa ulinzi", "muungano wa kijeshi" na "ushirikiano wa usalama". Anauliza iwapo majina hayo yana maana moja, na iwapo "nguvu laini", yaani uwezo wa nchi kuwavuta wengine bila kuwalazimisha, ni Kiswahili fasaha.

JIBU: Hayana maana moja, na "muungano wa kijeshi" ndilo linalopotosha zaidi. Walioungana huwa kitu kimoja kwa kiasi fulani, na kwa Mtanzania, ambaye Muungano ni ule wa Tanganyika na Zanzibar wa 1964, uzito wa neno hilo hauhitaji maelezo. Waraka wa Tokyo, uliotangazwa na Josep Borrell, aliyekuwa msimamizi wa sera ya nje ya Umoja wa Ulaya, pamoja na Takeshi Iwaya, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, haumlazimu yeyote kumpigania mwenziwe akishambuliwa. Unahusu mashauriano ya mara kwa mara, usalama wa baharini na wa mitandao, kubadilishana taarifa na mambo mengine ya aina hiyo. Neno "ushirikiano" linatosha, maana ile "-an-" iliyomo ndani yake inaonyesha kwamba kila upande unatoa na kupokea.

Kwa sababu hiyo hiyo ningeepuka "mkataba", kwa kuwa waraka huo ni makubaliano ya kisiasa yasiyomfunga mtu kisheria. Mkataba hasa upo, ila ni mwingine: ni ule wa ubia wa kimkakati uliotiwa saini Tokyo mwezi Julai 2018 na kuanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2025, nao unagusa mambo mengi yaliyo nje ya usalama.

Penye ugumu zaidi ni "usalama" na "ulinzi". Watanzania tumezoea kusema "vyombo vya ulinzi na usalama" kwa pumzi moja, hata tukasahau kwamba ulinzi ni kazi inayofanywa, ilhali usalama ni hali inayotafutwa kwa kazi hiyo. Tazama Ghuba ya Aden, ambako Ulaya ilianza Operesheni Atalanta mwishoni mwa 2008 na Japani ikapeleka manowari zake mwaka uliofuata, kisha mwaka 2011 ikafungua kambi Djibouti: manowari zinapoisindikiza meli ya mizigo, huo ni ulinzi; meli hiyo ikipita bila kutekwa na maharamia, huo ndio usalama. Waraka wa Tokyo unayataja yote mawili katika jina lake, hivyo mwandishi aandike "ushirikiano wa usalama na ulinzi" anapoutaja mara ya kwanza. "Wa kiusalama" si kosa, lakini sioni "ki-" hiyo inaongeza nini.

Tahadhari nyingine ni neno "jeshi". Ibara ya 9 ya katiba ya Japani ya 1947 inakataa vita, na ndiyo maana vikosi vilivyoundwa mwaka 1954 vinaitwa Vikosi vya Kujilinda. Hiyo "-ji-" imebeba hoja nzima ya kisheria ambayo Wajapani wameibishania kwa miongo mingi, na anayeandika "jeshi la Japani" bila maelezo anaifuta. Vyombo vyetu vya habari vimekwisha kuonyesha kwamba kuibakiza "-ji-" hiyo kunawezekana, kwa kuwa NATO huiita "Jumuiya ya Kujihami".

Ama "nguvu laini", kisarufi haina kasoro, na wasomi wa siasa wameizoea. Hata hivyo, kwa msomaji wa kawaida laini ni kitambaa, au ni ya simu, na nguvu iliyo laini humfikia kama nguvu iliyopungua. Mimi huandika "nguvu ya ushawishi", kwa sababu inasema kazi yenyewe: nchi inapendwa na kusikilizwa bila kutisha wala kulazimisha. Daraja la Mfugale pale Tazara, Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018, ni mfano ambao madereva wa jiji hilo wanaupita kila siku.

Mwisho, katika barua yake msomaji ameziita pande hizo "washiriki wawili". Mshiriki ni yule anayehudhuria au kuingia katika shughuli, kama semina au mashindano. Anayefanya jambo pamoja na mwenziwe kwa makubaliano ni mshirika, na wingi wake ni washirika.