Macintosh Portable haiwaki na adapta ni nzima: anza na betri

Waalaykum salaam kaka. Umesema Macintosh Portable, ile kompyuta ya kubebeka ya Apple, uliyoikuta kwenye vitu vya marehemu babu hapo Chake Chake haitoi hata mlio, na fundi kakwambia adapta nzima, kwa hiyo bodi imekufa, itupe. Nakuomba usiitupe. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na yangu inawaka, ipo hapa mezani Malindi, Unguja.

Laptop nyingi za siku hizi ukizitoa betri ukachomeka chaja, zinawaka. Hii ya 1989 sivyo. Betri yake ni ya risasi (lead-acid, kama ya gari), volti 6, na adapta peke yake, volti 7.5, haina ubavu wa kuiamsha mashine. Betri ikifa utachomeka adapta mpaka kesho. Na ya babu, kwa umri huo, hesabu kuwa imekufa.

Betri ya risasi huuliwa na kukaa bila chaji. Yangu niliibadilisha 2009. Disemba ile umeme ukakatika Unguja nzima mpaka Machi 2010, na mashine nikaifungia kabatini na betri yake ndani. Umeme uliporudi, kimya. Nikapima kwa mita: volti 6.1. Nikasema betri nzima, nikaisumbua bodi wiki mbili za bure. Siku moja nikaunga balbu ya volti 6 ya vespa kwenye betri huku mita imeshikilia pale pale. Ikashuka 5, ikashuka 4, balbu ikawa nyekundu kama kaa linalozimika, ikafa. Nikaitoa balbu, baada ya muda mita ikapanda tena kana kwamba hakuna kitu. Betri pimeni ikiwa na mzigo, jamani.

Nilinunua Darajani betri ya taa za dharura, volti 6, ujazo 4.5Ah (ampea-saa). Haikuenea kwenye kasha la asili, nikatoa waya mbili nje. Ichaji ijae kwanza, hakikisha chanya na hasi mara mbili, na weka fyuzi kwenye waya wa chanya, kwa sababu betri ya risasi ikipiga shoti inaunguza waya papo hapo.

Ikiwaka kidogo ikazima, kama ilivyofanya yangu, sasa ndiyo ufungue bodi. Tazama kwa lenzi zile kapasita (vipande vya kuhifadhi chaji) ndogo za kopo. Zangu lehemu ya miguuni ilikuwa kijivu, haing'ai, na nilipogusa kwa pasi ya kulehemu ikatoka harufu ya dagaa. Hiyo ni maji ya kapasita yaliyovuja, na hewa yetu ya bahari inaongeza kutu juu yake. Zitoe zote, hata zinazoonekana nzima. Usizivute, utang'oa njia za shaba. Sugua kwa spiriti na mswaki, acha ikauke kabisa. Kisha weka mpya. Kwenye kapasita za kopo alama nyeusi ni hasi. Ukiweka za tantalamu, aina nyingine ya kapasita, mstari wake ni chanya. Ukizigeuza hizo zinalipuka.

Lakini kwanza balbu. Pima betri ya babu bila balbu, kisha na balbu kwa dakika moja, uniandikie namba zote mbili.