Kiingereza nakielewa, mdomo ndio hautii

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, mwaka wa sita sasa nabeba mizigo Mlima Kilimanjaro, mara njia ya Marangu, mara Machame. Nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza nakielewa, ila mgeni akiniuliza kitu naishia "yes" na kucheka. Nataka kuwa mwongoza wageni. Rafiki yangu kasema nitafute mzungu tubadilishane: mimi nimpe Kiswahili, yeye anipe Kiingereza. Nampata wapi bila kuonekana kama wale vijana wanaovizia wageni pale Mnara wa Saa, Moshi mjini? – Mgumu, Kibosho

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeichagua barua yako kwa sababu ya hilo swali la mwisho.

Mgeni wa siku sita hakufai. Yeye anawaza kilele tu, na wewe anakuona mtu wa bahshishi. Mtafute anayekaa miezi, anayeaibika sokoni kwa kukosa neno kama wewe unavyoaibika kambini. Moshi wapo: wanafunzi wa udaktari wanaokuja hospitali ya KCMC kwa mazoezi, vijana wanaojitolea shuleni. Huyo mwanafunzi "panauma wapi?" anaihitaji kesho asubuhi. Usimfuate barabarani, pitia kwa mtu anayemjua, mwenye nyumba wake au mama anayempikia. Wala si lazima awe Mwingereza. Mjerumani naye Kiingereza alikisoma darasani, husema taratibu na hashangai ukikosea.

Wangu alikuwa nesi kutoka Denmark. Nilimwambia tukutane "four o'clock". Nikakaa mgahawani asubuhi, nikanywa chai mbili, nikaondoka nimenuna. Yeye akafika saa kumi jioni, akanuna vilevile! Mimi nilikuwa nimehesabu saa nne yetu ya asubuhi, kumbe "four" yao kwetu ni saa kumi. Anza na hilo, kwa sababu mlimani ukimwambia mgeni safari ya kilele inaanza "six" ukimaanisha saa sita usiku, atalala hadi alfajiri.

Muda ugaweni kwa saa ya simu: nusu saa Kiswahili tupu, nusu saa Kiingereza tupu. Sisi tulichanganya, nikajikuta mwalimu wa bure kwa wiki tatu. Tena asikukatize kila unapokosea. Aandike makosa matatu, akwambie mwishoni.

Usiende mikono mitupu. Beba begi lako la mlimani, utoe kitu kimoja kimoja ueleze kinafanya kazi gani. Kisha yeye awe mgeni aliyefika kambi ya Barafu, mita 4,673, kichwa kinamgonga, ametapika na hataki kushuka. Umhoji: amekunywa maji kiasi gani, amekula nini, anaona vizuri? Umshawishi ashuke. Hapo "yes" haikuokoi. Baadaye mgeuze: wewe mgonjwa, yeye daktari, kwa Kiswahili.

Usimwombe akutafutie wateja, hata akikwambia kaka yake anakuja kupanda. Siku utakapoomba, kila salamu yako ataisikia kama biashara.

Watakaokucheka ni wagumu wenzako: "anajifanya mzungu." Mwombe mmoja wao mzungumze Kiingereza mnapoosha masufuria, kibovu hivyohivyo. Na usingoje msimu. Masika haya safari ni chache, uko nyumbani, na wanafunzi wa KCMC hawapandi mlima kila siku.