Dhahabu Haina Mpya wala Kuukuu: Ushauri Kabla ya Kwenda kwa Sonara

Kama una harusi msimu huu na mmeshapanga siku ya kwenda Mji wa Kale kwa sonara, ulizia gramu, karati (kipimo cha usafi wa dhahabu) na ujira wa kazi. Mengine, kwamba hii ni mpya ya Dubai au ile ya bibi imechoka, yasikie na uyaache yapite. Nilifundisha fizikia miaka mingi, na kwetu Mombasa mwalimu wa fizikia huitwa kutengeneza redio na kusindikiza mabiharusi dukani, kwa hivyo maneno haya nimeyasikia hadi nimeyahifadhi.

Dhahabu haikuzaliwa ardhini. Hata ya Geita, mgodi unaichimbua tu. Jua letu linawaka kwa kuunganisha hidrojeni kuwa heliamu, na nyota kubwa zaidi huendelea na viini (mioyo ya atomu) vizito zaidi hadi chuma. Hapo moto hukatika, kwa sababu kuunganisha viini vya chuma kunakula nishati badala ya kuitoa. Na chuma kina protoni 26 tu. Dhahabu ina 79. Kufika huko, kiini lazima kimiminiwe nyutroni kwa wingi na kwa kasi, nyingine ziingie kabla za mwanzo hazijapata nafasi ya kuoza, yaani kugeuka protoni. Moto wa kawaida wa nyota hauna uwezo huo.

Nyota ya nyutroni inao. Ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, uzito wake umelipita Jua lakini upana ni kilomita 20 hivi, yaani ungeiweka Likoni ingekaribia Mtwapa. Tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa za hapa, sisi tukibishana kuhusu kura, mitambo ya LIGO ya Marekani na Virgo ya Italia ilinasa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, kutoka kwa nyota mbili za namna hiyo zilizogongana. Sekunde mbili hazijatimia, setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miale ya gama. Tukio lenyewe lilikuwa kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Kwa siku kadhaa mwanga wake uligeuka kutoka buluu kuelekea wekundu, kama ilivyotarajiwa pale elementi nzito zinapotengenezwa kwa wingi. Wanasayansi walikadiria kwamba dhahabu iliyotawanywa siku ile ilizidi uzito wa Dunia nzima mara kadhaa. Mahari ya nani hiyo!

Lakini migongano hiyo ni nadra, na kinachotoka humwagika kwenye anga isiyo na mwisho. Ndani ya Jua, kwa kila atomu moja ya dhahabu kuna zaidi ya bilioni 100 za hidrojeni. Huku kwetu sehemu kubwa ilizama na chuma hadi kiini cha Dunia, wakati sayari yote ilikuwa bado imeyeyuka. Tani 1,000 za mwamba wa kawaida zina gramu chache tu.

Sasa turudi dukani. Dhahabu ya asili ni ya aina moja: kila atomu ina protoni 79 na nyutroni 118. Hata fedha haiko hivyo, ina aina mbili. Bangili ya bibi na mkufu ulioshuka jana kutoka Dubai vina atomu zilezile, zote zimeitangulia Dunia yenyewe, ambayo ina miaka bilioni 4.5. Sonara akikukata bei kwa sababu ya lehemu, uchafu au vijiwe, ana haki, mwambie apime mbele yako. Akikukata bei kwa sababu ya "uzee", chukua bangili yako uende duka la pili.

Uzito wa kiini cha dhahabu ndio utakaokusaidia nyumbani. Tafuta mizani ndogo inayosoma sehemu mia za gramu. Pima bangili kavu. Tuseme ni gramu 20. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza bangili kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Itikise kidogo viputo vitoke. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na bangili. Ya karati 22 itasoma kama 1.13, gawanya 20 kwa hiyo upate karibu 17.7, yaani ni nzito mara hizo kuliko maji ya ujazo uleule. Ya karati 18 hukaa kwenye 15 na ushei. Ukiona mizani inasoma 2.2 au zaidi, hiyo ni kama shaba iliyopakwa rangi, hata muhuri useme 916, yaani karati 22.

Kipimo hiki hakifai kwa herini zenye vijiwe wala vitu vyenye uwazi ndani. Na metali iitwayo tungsteni ina uzito karibu uleule wa dhahabu safi, kwa hivyo vipande vya kuwekeza peleka kwa mwenye mashine. Kwa bangili na pete za kawaida kinatosha. Risiti nayo iandikwe gramu na karati mstari mmoja, ujira wa sonara mstari wake peke yake, maana siku ya kuuza ujira huo haurudi.