Safari ya iPhone hadi Digo Road: maswali yenu na majibu

Barua za wiki hii nyingi zimezunguka jambo moja: namna Apple inavyozifikisha bidhaa zake sokoni, na kwa nini sisi wa Mombasa hukutana nazo kwa njia za mzunguko. Nimechagua sita.

Msomaji wa Kisauni: *Shikamoo. Mbona Apple haina duka lake hata moja Kenya, na simu zake zimejaa mjini?*

Marahaba mwanangu. Si Kenya pekee, Afrika nzima haina. Apple ilifungua maduka yake mawili ya kwanza tarehe 19 Mei 2001, moja Virginia na jingine California, na leo yamepita 500 duniani. Lakini usidhani hayo ndiyo yauzayo sehemu kubwa. Kwa hesabu za kampuni yenyewe za mwaka wa fedha 2024, mauzo yake ya moja kwa moja, madukani na mtandaoni pamoja, yalikuwa asilimia 38. Asilimia 62 ilipitia mikono ya wengine: kampuni za simu, wauzaji wa jumla na maduka yaliyoidhinishwa.

Basi duka lake ni la nini? Kwa maoni yangu, ni la kulinda bei. Mteja anashika simu, anajaribu, anauliza, na ikiharibika anamkuta fundi hapo hapo. Akishatendewa vile, haombi kupunguziwa. Mahali ambapo kampuni haijaona wanunuzi wa kutosha, au sheria inaibana, huacha wengine wauze. India ilisubiri miaka: sheria iliwataka wenye maduka ya chapa moja ya kigeni kununua asilimia 30 ya bidhaa zao nchini humo, na ililegezwa mwaka 2019. Duka la mtandaoni likafunguliwa 2020, na la kwanza la mlango na meza likafunguliwa Mumbai Aprili 2023. Sisi tuko kwenye foleni hiyo hiyo, tena nyuma sana.

Msomaji wa Nyali: *Nimepata nafasi ya duka na mtaji kidogo. Nataka kuwa wakala wa Apple. Nianzie wapi, na faida ikoje?*

Ndugu yangu, kabla hujalipa kodi ya hilo duka, keti kwanza. Wewe huuziwi na Apple. Apple humuuzia msambazaji mkubwa, naye huwauzia wenye maduka yaliyoidhinishwa, na idhini ina masharti yake: duka liko wapi, bidhaa zimepangwaje, wafanyakazi wamefunzwa nini. Faida ya simu yenyewe ni nyembamba. Wengi hupumulia kava, chaja na matengenezo.

Kuna kisa cha Ufaransa kinachonikosesha raha kila nikipata barua kama yako. Kulikuwa na maduka yaitwayo eBizcuss, yaliyojifunga kwa bidhaa za Apple. Mwaka 2012 yakaenda kushtaki kwa mamlaka ya ushindani, yakilalamika kwamba bidhaa mpya zikitoka wao hawapati mzigo, na wateja wanaelekea maduka ya Apple yenyewe. Machi 2020 mamlaka hiyo ikaitoza Apple faini ya euro bilioni 1.1. Wasambazaji wawili, Tech Data na Ingram Micro, nao wakatozwa, kwa kukubali kugawiwa wateja badala ya kushindana. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ya Paris ikaipunguza faini ya Apple hadi euro milioni 372 hivi. Lakini eBizcuss yalikuwa yamefunga zamani. Haki ilipofika, mwenye duka hakuwepo kuipokea.

Ukiuza bidhaa ya mtu mmoja tu, na mwenyewe naye anauza, wewe ni mpangaji katika biashara yako. Ningekuwa wewe, ningeanzia upande wa ufundi. Apple ina mpango wa mafundi huru ambao Machi 2021 ilitangaza kuufikisha nchi zaidi ya 200. Kujiunga hakulipiwi, ila lazima uwe na fundi aliyefaulu mtihani wao, na vipuri na vifaa utanunua. Vioo vinavunjika kila siku mji huu, na chumvi ya bahari nayo haina huruma. Kazi ipo hata mwaka ambao hakuna anayenunua simu mpya.

Msomaji wa Likoni: *Nilinunua simu ishirini za iPhone mwezi wa nane, za kuuza. Mpya zimetoka, wateja wanataka nipunguze bei za hizi. Nisubiri?*

Usisubiri hata kidogo. Tim Cook, aliyekuja kuwa mkuu wa Apple, alipoingia kampuni hiyo mwaka 1998, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukausha maghala: mzigo uliokuwa ukilala kama mwezi mzima ukashushwa hadi siku chache. Alikuwa akifananisha biashara hiyo na maziwa, kwamba yakipita siku yake una tatizo. Wewe fikiria samaki wa Liwatoni saa nane mchana. Toleo jipya la iPhone hutangazwa Septemba karibu kila mwaka, kwa hivyo Agosti si mwezi wa kujaza rafu. Shusha bei wiki hii, rudisha pesa zako, na mwakani nunua tano tano.

Msomaji wa Bamburi: *Kaka yangu amenitumia iPhone kutoka Marekani. Sioni pa kutia laini. Je, ni bandia?*

Si bandia, dada yangu. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, simu zinazouzwa Marekani hazina kitundu cha laini. Zinatumia eSIM, laini iliyo ndani ya simu. Nyingi za Uchina zina nafasi ya laini mbili za plastiki. Kampuni hiyo hiyo, simu ya jina hilo hilo, lakini kila soko na yake.

Juzi nilikuwa duka moja la Digo Road, akaingia kijana ameibana laini yake kwa vidole viwili, anaigeuzageuza simu mpya kama mtu atafutaye mlango wa nyumba gizani. Muuzaji alimwambia ni mbovu, amuuzie yeye kwa bei ya vipuri. Niliingilia. Nenda kwa kampuni yako ya simu na kitambulisho, ombi lako ni moja: kuhamishiwa laini kwenye eSIM. Na ukitaka kujua simu ya mtu imetoka soko gani, fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome namba ya modeli: LL/A mwishoni ni Marekani. Herufi ya kwanza nayo inasema: M ni mpya, F ni iliyokarabatiwa na kampuni. Muuzaji akikwambia mpya na simu inasema F, rudisha pochi mfukoni.

Msomaji wa Majengo: *Nimeuziwa iPhone iliyotumika, inadai nenosiri la mwenyewe wa kwanza. Fundi gani anaweza kuifungua?*

Hakuna. Kufuli hilo lipo tangu 2013, na haliondoki ila kwa mwenyewe wa kwanza, au kwa Apple ukiwa na risiti yake halisi ya ununuzi. Mrudie aliyekuuzia leo, si kesho.

Msomaji wa Tudor: *Mjomba wangu husafiri Dubai. Simu ya kule ni rahisi kuliko ya hapa. Kuna ubaya gani kumwagiza?*

Urahisi huo una sababu. Kule VAT ni asilimia 5, hapa ni 16, na juu yake kuna ushuru wa forodha. Simu moja ya mjomba si dhambi, mradi aitangaze forodhani akiingia. Ila waranti ya iPhone, Apple ina haki ya kuifunga kwa nchi au eneo ilikouzwa. Ikizima mwezi wa tatu, huenda dawa yake ikawa Dubai. Mwambie achukue risiti yenye IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo, na kabla hajatoka dukani abonyeze *#06# alinganishe namba ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu.