Jibu: "Goodbye" na "farewell" ni kitu kimoja?

Ndugu, umeuliza kama "goodbye" ina maana moja tu, na kama "farewell" yaweza kushika nafasi yake popote. Maana ya msingi ni kwaheri, ila mtu akikuambia "say goodbye to your money" hakuagi. Anakuonya kwamba pesa hizo uzisahau. Asili yake ni dua: Waingereza walisema "God be with ye", yaani Mungu awe nanyi, na kufikia mwishoni mwa karne ya 16 maneno hayo yalikuwa yameshabanwa kuwa neno moja. Hiyo "good" iliingia kwa kuiga "good day".

"Farewell" ni nzito zaidi. "Fare" ya zamani ni kusafiri, kwa hiyo ni kama kusema safiri salama. Inafaa kwenye hotuba au hafla ya kumuaga anayestaafu. Ukimwambia mwenzako mtakayeonana kesho asubuhi, atadhani unahama nchi!

Kwa mazungumzo ya kila siku "bye" au "see you" zinatosha. "So long" ni ya kirafiki, ingawa imeanza kuchakaa. "Adieu", iliyotoka Kifaransa, waachie washairi.